Ndoa Namba 41

Alphonsine aliingia biro, ofisi ya polisi wa upelelezi, bila kubisha hodi, akaweka karatasi mezani, akabaki amesimama. Mtoto wake wa kike wa miaka minne, Princesse, alikuwa ameng'ang'ania kitenge chake kwa nyuma.

"Soma, Mama Inspekta," alisema. "Soma kwa sauti, nisikie kama nami nilisoma vibaya."

Inspekta Adrienne Kabambi alimtambua mara moja. Wiki tatu zilizopita walikuwa wamekutana ukingoni mwa mto Lukuga, mbele ya boti ya chuma iliyopandishwa nchi kavu. Ilikuwa Alhamisi, tarehe kumi na tano ya mwezi wa tano. Gauthier Kalenga, bwana wa Alphonsine, fundi wa kuchomelea chuma, alikuwa amelala chali chini ya tumbo la boti ile akiziba ufa. Magogo yaliyoishikilia yakateleza. Adrienne mwenyewe ndiye aliyeandika ripoti: ajali kazini, hakuna aliyeona, mafundi wengine wote walikuwa wametumwa bandarini asubuhi hiyo.

Akaivuta karatasi.

"Mimi, Nadine Kyungu, mjane halali wa marehemu Gauthier Kalenga, nimekubali kwamba kifo cha bwana wangu ni ajali. Ninaachilia mashitaka yote juu ya mwenye boti, Papa Hippolyte Mulongo. Ninaomba mwili uzikwe bila kupasuliwa na daktari."

Chini yake kulikuwa na sahihi, na tarehe: kumi na sita ya mwezi wa tano, siku moja baada ya kifo.

"Nadine ni nani?" Adrienne aliuliza.

"Hiyo njo mi nakuuliza wewe."

"Hukuwahi kusikia jina lake?"

"Miaka sita nimelala na Gauthier kitanda kimoja. Sijamusikia hata mu ndoto." Alphonsine alimvuta mtoto karibu. "Nimeenda leo kwa Papa Hippolyte kuuliza pesa ya kulea huyu mutoto. Karani yake akanipa kopi ya hii karatasi. Akasema, mama, rudi nyumbani, bibi ya marehemu alishakuja. Mbele ya watu, Mama Inspekta. Princesse anasikia."

Adrienne alimsogezea kiti. Alphonsine alikaa kwenye ncha yake.

"Ndoa yenu mlifunga wapi?"

"Kwetu Moba. Baba yangu alipokea mahari yote. Padri anatujua."

"Na kwenye usajili wa raia?"

"Bado. Kila mwaka tunasema mwaka huu."

"Mtoto ana cheti cha kuzaliwa?"

Alphonsine alitikisa kichwa.

"Nani alikushauri uende kwa Papa Hippolyte badala ya kuja hapa?"

"Doudou. Mudogo wa Gauthier. Alisema parke, wale wa mashitaka, watanifungia mulango juu ndoa yetu haiko mu kitabu. Alisema yeye njo atafuata mambo yote."

Adrienne aliandika jina la Doudou kwenye daftari lake, akalipigia mstari.

Magistra Nicolas alikuwa na ofisi ghorofa ya juu, upande wa ziwa. Ndiye mwendesha mashitaka aliyeshughulikia kesi za ajali za boti katika parke ya Kalemie. Aliisoma karatasi ya Nadine mara mbili, akavua miwani.

"Huyu Gauthier namjua," alisema. "Alikuwa shahidi wangu. Unakumbuka boti iliyozama mwaka jana kwenye maji ya Mpala? Ilikuwa ya Hippolyte. Gauthier alikataa kuichomelea kabla ya safari, akawaambia chuma kimeoza. Nilikuwa nimemwita aje kuyasema hayo mbele yangu. Akafa kabla ya siku."

"Na ukafanya nini?"

"Nilisikitika, Adrienne. Nilisoma ripoti yako. Ilisema ajali."

Adrienne aliivuta karatasi ya Nadine upande wake.

"Niambie sheria," alisema. "Mtu akifa kwa kosa la mwingine, nani katika jamaa anaruhusiwa kulalamika?"

"Bibi au bwana aliyebaki. Watoto, hata wa nje ya ndoa, mradi baba aliwatambua. Baba na mama. Ndugu. Na zaidi ya hao, yeyote atakayeonyesha kwamba kifo kile kimempiga yeye mwenyewe. Kila mmoja anasimama kwa jina lake. Huyu Nadine akiachilia, ameachilia cha kwake tu."

"Basi karatasi hii haina kazi."

"Ina kazi moja." Nicolas aligonga mstari wa mwisho kwa kidole. "Kumzika haraka. Nilikuwa na ripoti ya ajali, nilikuwa na mjane mwenye cheti anayeomba mwili. Nikatoa ruhusa. Hakuna daktari aliyeugusa."

"Na Alphonsine?"

"Ndoa ya kimila ni ndoa. Lakini kama haikuandikishwa, mtu wa nje anaweza kuikataa, hasa kama kitabuni kuna bibi mwingine. Mtoto naye anahitaji cheti, au watu wa kuthibitisha kwamba baba alimlea kama wake. Vyote vinawezekana, vinachukua muda tu. Wazazi wa marehemu je?"

"Baba alikufa zamani. Mama yuko Zongwe, Alphonsine aliniambia."

"Basi huyo hahitaji cheti cha ndoa cha mtu," Nicolas alisema. "Mtafute."

Adrienne alipiga simu Zongwe kupitia katekista wa kijiji, akaacha ujumbe. Kisha akaenda kwenye ofisi ya usajili.

Karani wa usajili aliitwa Papa Jacob, mzee mwembamba aliyevaa mikono ya plastiki juu ya shati ili wino usimchafue. Hakupenda kuona polisi. Lakini aliposikia jina la Nadine Kyungu alikwenda moja kwa moja kwenye kabati, akaleta kitabu kikubwa cha ndoa, akakifungua.

"Namba arobaini na moja," alisema. "Tarehe kumi na mbili ya mwezi wa tano. Jumatatu."

Adrienne alisoma pole pole. Bwana: Gauthier Kalenga, fundi. Bibi: Nadine Kyungu, muuzaji wa dagaa. Ndoa ya kimila, imeandikishwa kwa ombi la wote wawili. Baba wa bwana: marehemu. Mama wa bwana: marehemu.

"Marehemu?" Adrienne alisema.

"Njo walivyosema."

"Mama yake yuko hai. Ninamngojea."

Papa Jacob alikunja uso. "Mama Inspekta, mi naandika mwenye karte anachosema. Alikuwa na karte ya uchaguzi. Picha ilifanana naye."

Chini ya sahihi kulikuwa na alama ya kidole gumba cha kulia, wino mweusi, mistari yote kamili kutoka chini mpaka ncha. Adrienne aliinamia karatasi. Ukingoni mwa Lukuga alikuwa ameushika mkono wa Gauthier mwenyewe ili aandike majeraha. Gumba la kulia lilikuwa fupi. Ncha yake ilikatwa na mashine ya kukata chuma miaka mingi nyuma, na kovu lilikuwa jeupe, gumu kama ukucha. Aliliandika katika ripoti, kwenye mstari wa majeraha ya zamani.

"Huyu aliyeweka kidole si Gauthier," alisema.

Papa Jacob alikaa.

Adrienne aliyapanga mambo kama alivyozoea. Gauthier amekufa Alhamisi. Hippolyte anaogopa mashitaka, anatafuta mwanamke wa kukubali kuitwa mjane, wanakuja hapa na mtu wa kusimama badala ya maiti. Kwa kuwa maiti haoi, wanamwomba karani arudishe tarehe nyuma siku chache. Ni wizi wa kawaida. Alishaona mfano wake kwenye mirathi ya nyumba.

"Papa Jacob, nakuuliza mara moja tu. Hii uliiandika lini kweli?"

"Jumatatu tarehe kumi na mbili."

"Si baada ya Alhamisi? Si mtu alikuja akakuomba uandike tarehe ya nyuma?"

"Niandike wapi?" Mzee alikigeuza kitabu kumwelekea. "Kurasa zina namba, kila moja ina muhuri wa mahakama. Arobaini juu, arobaini na mbili chini. Niipenyeze wapi? Hawa wa arobaini na mbili walikuja siku ile ile. Wameajiriwa, si watu wa kujificha. Nenda uwaulize."

Adrienne alinakili anwani.

Bibi wa ndoa namba arobaini na mbili aliitwa Carine. Bwana wake alifanya kazi ya reli, na waliishi katika nyumba ya matofali karibu na gare ya treni. Carine alikuwa anaanika nguo. Alicheka kidogo aliposikia polisi wanataka kuona cheti chake cha ndoa.

"Tumeoana na watoto watatu tayari," alisema. "Ni biro ya kazi ya bwana yangu waliomba, ili waniandike ku matunzo ya hospitali."

Alitoa kopi kutoka kwenye mfuko wa nailoni. Ndoa namba arobaini na mbili, tarehe kumi na mbili. Na kwenye kona, kasheti, muhuri wa samawati wa ofisi ya mwajiri: imepokelewa Jumanne, tarehe kumi na tatu.

Adrienne aliisoma kasheti ile, akaisoma tena. Ofisi nyingine, muhuri mwingine, mkono wa mtu asiyemjua Papa Jacob wala Hippolyte. Jumanne tarehe kumi na tatu namba arobaini na mbili ilikuwa imeshatolewa.

"Huenda mstari wa juu yenu uliachwa wazi," alisema, zaidi kwa nafsi yake. "Ukajazwa baadaye."

"Mustari gani? Wale waliokuwa mbele yetu?" Carine alishika pegi ya nguo mkononi. "Hapana, waliandika. Walituchelewesha. Mwanamuke alivaa robe ya manjano. Mwanaume, mzee wa kitabu akamuuliza jina ya mama yake, akanyamaza. Akamuangalia yule mwanamuke. Halafu akasema, alikufa. Mi nikamwambia bwana yangu polepole, muntu gani anasahau kama mama yake alikufa?"

Adrienne alifungua simu kwenye picha alizopewa na Alphonsine pamoja na majina, akamwonyesha ya Gauthier.

"Ni huyu?"

Carine aliitazama. "Wanafanana. Lakini si huyu. Yule iko kijana zaidi, na masikio yake yanasimama."

Adrienne alisogeza picha kwa kidole mpaka kwenye mazishi. Watu walikuwa wamezunguka kaburi. Mbele, mwanaume mmoja alikuwa amebeba msalaba wa mbao begani, uso umelowa machozi.

"Huyu hapa," Carine alisema. "Huyu mwenye musalaba. Mbona analia?"

Alikuwa Doudou, mdogo wa marehemu.

Adrienne alitoka, akasimama kando ya reli. Alihesabu siku kwa vidole kama mtoto wa darasa la kwanza, kwa sababu kichwa kilikataa. Jumatatu wanaandika mjane. Alhamisi bwana anakufa.

Alimpigia Nicolas.

"Ile barua ya kumwita Gauthier, uliitia sahihi lini?"

Karatasi zilisikika zikifunuliwa. "Ijumaa tarehe tisa. Aje Jumatatu tarehe kumi na tisa."

"Nani alimpelekea?"

"Hakukutwa nyumbani. Iliachwa kazini kwake."

"Kwa Hippolyte."

"Ndiyo," Nicolas alisema. "Kwa Hippolyte."

"Magistra, cheti hakikurudishwa nyuma. Kiliandikwa Jumatatu kweli. Gauthier alikuwa bado anapumua, anarudi nyumbani, anakula ugali na Alphonsine. Na tayari walikuwa wameshamwandikia mjane."



"Mungu wangu," Nicolas alisema. "Mi nikawapa ruhusa ya kumzika."

"Na mimi niliandika ajali. Toa hati ya kumkamata Hippolyte. Na nyingine ya kufukua kaburi."

Doudou aliletwa kesho yake saa nne asubuhi. Alikuwa na miaka ishirini na saba na masikio yaliyosimama. Alikaa wima, mikono juu ya magoti, kama mtu aliyekuja kuomba kazi. Mlango wa biro uliachwa wazi kwa ajili ya joto. Kwenye benchi la korido kulikuwa na watu wanaosubiri, Adrienne hakuwaangalia.

"Unajua kwa nini uko hapa?"

"Juu ya yaya yangu, mukubwa wangu Gauthier. Mumepata kitu?"

Adrienne aligeuza kopi ya ukurasa wa kitabu cha ndoa, akaweka pembeni kidau cha wino. "Weka gumba la kulia hapa, kwenye karatasi nyeupe."

Doudou aliangalia kopi. Alipoona namba arobaini na moja, mikono yake iliteremka kutoka kwenye magoti.

"Ilikuwa karatasi tu, Mama Inspekta."

"Karatasi gani?"

"Papa Hippolyte alisema atamutuma yaya Kigoma, kazi nzuri ku boti kubwa. Akasema wale ba Kigoma wanataka fundi mwenye cheti ya ndoa. Alphonsine hana karte, ya kwake ilipotea. Nadine ana karte. Akasema tumufanyie surprise, asijue mpaka paperasi zimeisha. Nilichukua karte ya yaya mu shati yake, jioni nikairudisha."

"Na mama yako? Kwa nini ulisema amekufa?"

"Nadine aliniambia. Tukisema mama iko, wataomba aje atoe ruhusa. Zongwe iko mbali."

"Alhamisi, nani aliwatoa mafundi wote kwenye boti?"

"Mimi."

"Kwa amri ya nani?"

"Papa Hippolyte. Kulikuwa mabati ya kushusha ku bandari. Alisema nipeleke wote, yaya abaki kumaliza ule ufa." Alisema haraka, kama jambo dogo. Kisha akalikatiza katikati neno lililofuata.



"Ngoja," Doudou alisema. "Cheti ilikuwa Jumatatu."

"Ndiyo."

"Na Nadine alitumia cheti ile ile kuomba mwili."

"Ndiyo."

"Lakini Jumatatu yaya alikuwa..." Aliisukuma kopi mbali naye. "Hapana. Hapana, Mama Inspekta. Alisema Kigoma. Mi nilifikiri, kisha ajali ikatokea, Papa Hippolyte akatumia cheti kwa kuogopa kesi. Nikanyamaza juu ya aibu. Nilifikiri ni aibu tu."

"Nani alibaki na Gauthier pale chini?"

"Papa Hippolyte, na shoferi yake. Hao wawili." Alishika kichwa kwa mikono yote miwili. "Nimewaachia. Nimewapeleka watu wote nikawaachia yaya yangu."

Polisi mmoja alichungulia mlangoni. "Tumemupata Papa Hippolyte, Mama Inspekta. Alikuwa ku bandari na valizi mbili. Shoferi yake anasema anataka kuongea kabla yake."

Adrienne aliitikia kwa kichwa. Alipoinua macho kumwambia afunge mlango, aliona kwamba nyuma ya polisi alisimama mama mmoja wa makamo, kitambaa cheupe kichwani, viatu vya plastiki vikiwa bado na mchanga wa ufukwe aliposhukia boti ya usiku. Alphonsine alikuwa amemshika mkono. Hakuna aliyehitaji kumwambia Adrienne ni nani. Masikio yalikuwa yale yale.

Walikuwa kwenye benchi la korido tangu mwanzo.

"Mama," Doudou alisema, akainuka, kiti kikaanguka.

Mama yake, Mama Émérence, hakumwangalia. Aliingia mpaka mbele ya meza.

"Njo wewe uliniita ku simu ya katekista?"

"Ndiyo, Mama. Pole sana kwa msiba."

"Huyu," akamnyooshea Doudou kidole bila kugeuka, "aliniambia mwili haukungoja. Aliniambia nisisumbuke na safari, wamemuzika vizuri." Alizungumza taratibu, kama anayehakikisha kila neno limekaa. "Huyu bibi ya mutoto wangu wanamukataa, nasikia. Wanasema hana karatasi."

"Atapata. Itachukua siku, lakini atapata. Na Princesse pia."

"Na mi? Naomba karatasi gani?"

"Hakuna zaidi ya karte yako. Wewe ni mama yake. Sheria inakutambua."

"Naweza kushitaki leo?"

"Leo hii."

"Andika."

Adrienne alichukua fomu mpya. Alphonsine alimletea kiti, mama akakataa kukaa. Doudou alikuwa amesimama ukutani, machozi yanamshuka, hathubutu kuyafuta.

"Jina?"

"Émérence Mwayuma, wa Zongwe."

"Watoto uliozaa?"

"Watatu. Mumoja Mungu alimuchukua angali mudogo, surua. Mumoja wamemuua."

Kalamu ya Adrienne ilisimama. Alijua swali linalofuata, na fomu ilikuwa inaliomba, mstari mtupu chini ya mstari mwingine.

"Na wa tatu, Mama?"

Mama Émérence aligeuka. Kwa mara ya kwanza alimtazama Doudou, muda mrefu, kutoka miguuni mpaka usoni, kama anayetafuta mtu katika umati wa watu.

"Wa tatu umuweke kule chini," alisema, "pamoja na wale ninaowashitaki."

Kisha akanyoosha gumba lake kuelekea wino.